Boksi 9, 10 au 12? Mbao za sakafu zinahesabiwa kwa mistari

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nipo Tanga, nataka kuweka sakafu ya lamineti, zile mbao za kiwandani, kwenye chumba changu cha kulala. Chumba kina urefu wa mita 5.20 na upana wa mita 3.60. Kwenye kona moja kuna kabati lililojengewa ukutani, mita 1.80 kwa 0.60, ambalo halitoki. Mbao nilizozipenda zina urefu wa sentimita 138 na upana wa sentimita 19.3, nazo ni 8 kwa kila boksi. Mimi nimepiga hesabu nikapata boksi 9. Muuzaji anasema 10. Fundi atakayeziweka anasema nisinunue pungufu ya 12. Nimsikilize nani? Na kama ningeamua kuweka mbao halisi za msaji, hesabu ni hiyo hiyo?

JIBU: Njema, dada yangu. Nunua 10. Ila usizinunue kwa sababu tu muuzaji kasema, maana hata yeye sidhani kama amekifikiria chumba chako. Wauzaji wengi huchukua eneo, wakaongeza asilimia 10, wakagawanya kwa boksi, basi. Jibu lake limetoka sawa, lakini ukitaka kujua kwa nini, na ukitaka kuwa na la kumjibu fundi wako, itabidi tuzilaze mbao hizo kwenye karatasi kwanza.

Tuanze na hesabu yako ya eneo, kwa kuwa umeipiga vizuri. Mita 5.20 mara 3.60 ni mita za mraba 18.72. Toa kabati, mita za mraba 1.08, zinabaki 17.64. Ubao mmoja wa 1.38 kwa 0.193 unafunika mita za mraba 0.266, hivyo boksi la mbao 8 linafunika 2.13. Gawanya 17.64 kwa 2.13 unapata 8.28, na kwa kuwa boksi halikatwi, ni 9. Ukiongeza asilimia 10 za mabaki unafika 19.40, ukigawanya ni 9.1, yaani boksi 10. Hapo ndipo wewe na muuzaji mlipoachana.

Boksi 12 za fundi ni zaidi ya mita za mraba 25.5. Hiyo ni sakafu yako pamoja na karibu nusu ya chumba kingine cha ukubwa huo. Mwulize kwa upole anakusudia kuzilazaje. Akisema mshazari, kutoka kona hadi kona, ana hoja, kwa sababu kila mstari unaishia kwa pembe na vipande vingi havitumiki tena. Mafundi huongeza asilimia 15 kwa ulazaji huo. Lakini hata kwa asilimia 15 chumba chako kinaomba boksi 10 tu. Nimejaribu asilimia 20, ambayo huwekwa kwa sakafu za mtindo wa mifupa ya samaki, na bado ni 10, ingawa ni za kubana. Kwa hiyo 12 haitokani na hesabu ya chumba. Huenda ni woga wa kurudi dukani kazi ikiwa nusu, na woga huo si wa kuchekwa, ila gharama yake unailipa wewe.

Sasa karatasi. Chora chumba, kisha uamue mbao zinaelekea wapi. Tuseme zinafuata urefu, kama watu wengi wanavyopenda. Lamineti haigusi ukuta. Ndani yake ni nyuzinyuzi za mbao zilizogandamizwa, nazo hutanuka unyevu ukiongezeka, na kwa hewa ya Tanga unyevu haukosekani. Acha sentimita moja kila upande. Urefu wa kulaza unakuwa mita 5.18, na upana 3.58.

Upana 3.58 ukigawanywa kwa 0.193 unapata mistari 18 kamili na salio la sentimita 10.6. Mstari wa 19 basi utapasuliwa kwa urefu wake, na upana wa sentimita 10.6 haunisumbui. Kama lingebaki chini ya sentimita 5 ningekuambia mpunguze upana wa mstari wa kwanza ili ule wa mwisho usiwe kama utepe, kwa sababu utepe mwembamba haushiki vizuri na unaonekana vibaya kando ya ukuta. Fundi asiyepiga hesabu hii mapema huigundua siku ya mwisho, akiwa amepiga magoti ukutani, na hapo hakuna la kufanya.

Mstari mmoja wa mita 5.18 unakula mbao tatu nzima, ambazo ni 4.14, na kipande cha 1.04 kutoka ubao wa nne. Kinabaki kipande cha sentimita 34. Ubao una ncha mbili zisizofanana, moja ina ulimi na nyingine ina mfereji unaoupokea. Kipande kilichobaki mwishoni mwa mstari kinafaa tu kuanzia mstari mwingine, upande wake uliokatwa ukitazama ukuta. Hakiwezi kumalizia mstari. Wanaohesabu kwa kujumlisha urefu wa vipande vyote, kana kwamba ubao ni kitambaa, huwa wanakosea hapa.

Mstari wa pili unaanza na sentimita 34 hizo. Ongeza mbao tatu nzima, unafika 4.48, kata 0.70 kumalizia, inabaki 0.68. Mstari wa tatu unaanza na 0.68, mbao tatu nzima, unafika 4.82, kata 0.36, inabaki 1.02. Mpaka hapa mambo ni mazuri: maungio ya mstari mmoja yako sentimita 34 mbali na ya mstari wa jirani, na tunataka yasipungue 30.

Mstari wa nne ndio wenye mtego. Ukianza na 1.02 na kuongeza mbao tatu, unafika 5.16. Zimebaki sentimita 2. Hakuna fundi anayeweza kuweka kipande cha sentimita 2 kikakaa. Ukisema ukipunguze kile kipande cha 1.02 mpaka 0.70 ili mwisho upate nafasi, maungio yake yataangukia karibu kabisa na ya mstari wa tatu uliopita, ambao ulianza na 0.68. Sakafu itaonekana ina mshono, na hapo ndipo itakapoanza kuachia. Suluhisho ni kukiweka kando kile cha 1.02 na kuanza upya na ubao mzima, kama mstari wa kwanza. Mtindo unajirudia kila mistari mitatu.

Kwa mpangilio huo kila mstari mrefu unakula mbao mpya 4. Kabati lako lina kina cha sentimita 60. Ukianza kulaza kutoka ukuta ulio mkabala nalo, mistari 16 inapita chumba chote, ule wa 16 ukichongwa kona kuizunguka pembe ya kabati, na mistari 3 ya mwisho ni mifupi, mita 3.38 kila mmoja. Mistari 16 mara mbao 4 ni mbao 64. Kwenye mistari mifupi ndipo vile vipande vya 1.02 vilivyowekwa kando vinapopata kazi. Kipande kimoja mwanzoni, ubao mmoja mzima katikati, na sentimita 98 za kumalizia. Mstari wa 18 anzeni na kipande kilichopunguzwa hadi 0.68 ili maungio yasikutane. Kila mstari mfupi unakula mbao mpya 2, jumla 6.

64 na 6 ni mbao 70. Boksi 9 zina mbao 72.

Kwa hiyo hesabu yako ya boksi 9 haikuwa ya uongo. Chumba kinaweza kufunikwa nazo, kwenye karatasi. Zinabaki mbao mbili. Lakini mlangoni sakafu haiishii kwenye mstari wa ukuta, inaingia ndani ya unene wa ukuta mpaka chini ya bawa la mlango, ili mlango ukifungwa usione saruji. Kwa ukuta wa tofali la inchi 6 na mlango wa sentimita 90, hapo umeondoka ubao mmoja. Umebaki mmoja. Ubao mmoja huo ndio unaotegemewa kufidia msumeno uliopinda, ulimi uliovunjika wakati wa kugongwa, na ubao uliotoka kiwandani ukiwa na kona iliyomomonyoka. Kwenye boksi 9 si ajabu kukuta mbao moja au mbili zenye kasoro. Ndiyo maana nasema 10. Zile 8 za ziada zitatumika baadaye, nitaeleza.

Kabla ya kuondoka kwenye karatasi, nikuonyeshe jambo ambalo watu hawalitarajii. Geuza mbao zifuate upana wa chumba. Mistari inakuwa 27, kila mmoja mita 3.58. Mstari wa kwanza: mbao mbili nzima na kipande cha 0.82, kinabaki 0.56. Wa pili: kipunguze hicho kiwe 0.50, mbao mbili nzima, kipande cha 0.32, kinabaki 1.06. Wa tatu: 1.06, ubao mmoja mzima, na kipande cha 1.14. Mistari mitatu imekula mbao 8. Mistari 27 inakula 72 kabla hata ya kupunguza sehemu ya kabati, wakati kwa urefu, bila kupunguza kabati, ni mistari 19 mara 4, yaani 76. Chumba ni kile kile, eneo ni lile lile, tofauti ni nusu boksi. Sikushauri ugeuze kwa ajili ya nusu boksi; mbao zinazofuata urefu wa chumba na mwanga wa dirisha hupendeza zaidi, na mimi ningezilaza hivyo. Nataka tu ujue kwamba asilimia 10 ni kadirio. Chumba ambacho urefu wake umeshindwa kuelewana na urefu wa ubao kinaweza kula zaidi, na kingine kikala chini ya 5. Chako, kwa mpangilio wa kwanza, kinapoteza kama asilimia 6.

Sasa nikuulize wewe. Hizo 5.20 na 3.60 umezipima mara ngapi, na wapi? Pima upana sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Pima na urefu vivyo hivyo. Chukua kipimo kikubwa kwa ajili ya kununua. Nyumba mpya za tofali mara nyingi zinapishana sentimita moja au mbili, na plasta ndiyo inayosababisha. Kwenye nyumba za zamani za mawe, zile za mwambao kuanzia Lamu hadi Unguja, kupishana kunaweza kuwa kukubwa zaidi. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na pembe mraba ni bahati. Vyumba vyenyewe ni vyembamba na virefu kwa kuwa upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kama chumba chako kimepishana sentimita 4 kati ya ukuta mmoja na mwingine, ule mstari wa mwisho wa sentimita 10.6 utakuwa 10.6 upande huu na 6.6 upande ule. Bado inawezekana. Zikiwa sentimita 8, mstari wa kwanza lazima ukatwe kufuata ukuta, na hapo boksi la kumi linaanza kuonekana kwamba halikuwa anasa.

Usitoe vitu vidogo kwenye hesabu. Nguzo iliyochomoza sentimita 20, pembe ya bafu iliyoingia ndani, hivyo acha. Ubao unaokatwa kuizunguka nguzo unanunuliwa mzima.

Dukani, fungua macho kwenye namba ya toleo iliyochapwa ubavuni mwa boksi. Mbao za jina moja na rangi moja, zikiwa za matoleo mawili tofauti, zinaweza kupishana kidogo, na upishano huo hauuoni dukani chini ya taa, unauona ukishalaza chumbani jua la asubuhi likiingia. Boksi zote 10 ziwe za toleo moja. Hii pia ni sababu ya kutonunua 9 kwa kusema "nikipungukiwa nitarudi": ukirudi baada ya wiki, toleo lile huenda limekwisha. Ukitaka kujihakikishia zaidi, kubaliana na muuzaji, na aandike kwenye risiti, kwamba boksi ambalo halijafunguliwa litapokelewa. Kwa makubaliano hayo hata fundi wako akisisitiza 11 mpe 11, huna cha kupoteza ila nauli. Boksi zikifika nyumbani ziacheni ndani ya chumba hicho hicho, zimelala chali, saa 48 kabla ya kuanza.

Lile la msaji sasa. Hesabu ya mistari ni ile ile, vipimo ndivyo vinavyodanganya. Mbao halisi hapa kwetu zinauzwa kwa futi na inchi. Ukiambiwa "moja kwa nne", yaani unene wa inchi 1 na upana wa inchi 4, inchi 4 hizo ni za ubao ulivyotoka kwenye msumeno. Ukipigwa randa pande zote na kuchongwa ulimi na mfereji, kinachoonekana juu ya sakafu kinaweza kushuka mpaka sentimita 8.6 hivi, kwa sababu ulimi unazama ndani ya ubao wa jirani. Fundi anayehesabu kwa sentimita 10 atapata mistari 36 kwa upana wako wa 3.58. Kwa 8.6 ni mistari 42. Kila mstari wa mita 5.18 ni futi 17, hivyo mistari 6 iliyopotea ni futi 102, na msaji si mbao ya kununuliwa kwa kubahatisha. Mwambie mwenye mashine akuchongee ubao mmoja wa mfano, upime uso wake kwa tepu, kisha ndiyo upige hesabu.

Urefu nao una la kusema. Mbao za futi 12 kwenye mstari wa futi 17 zinakuachia vipande vya futi 5 na 7, ambavyo vyote vinatumika vizuri. Kwa mbao halisi ongeza asilimia 15 badala ya 10, kwa sababu utakataa nyingine mwenyewe: yenye fundo linalotaka kutoka, yenye ufa nchani, iliyopinda, na ile yenye ukanda mweupe wa pembeni, ambao kwenye msaji hauna uimara wa moyo wa mti. Upo karibu na Longuza kule Muheza, kwenye mashamba ya misaji, lakini ukaribu huo usikufanye uchukue mbao mbichi. Mbao ambayo haijakauka itasinyaa ikiwa imeshapigwa misumari, na nafasi kati ya mistari utaweza kuingiza shilingi. Ikaushwe kwanza, ipumzike nyumbani kwako majuma kadhaa, ndipo ichongwe. Ukiichonga kabla haijatulia, ile sentimita 8.6 uliyoipima siku ya kwanza si utakayoilaza.

Vya kuambatana navyo havina ugumu. Sponji la kutandika chini ya mbao nunua kwa eneo, mita za mraba 18.5 zitatosha. Kama sakafu yako iko juu ya ardhi moja kwa moja, weka nailoni chini ya sponji, vipande vikipandana sentimita 20, na ukunje kidogo ukutani. Skatingi ya kuficha ile nafasi ya sentimita moja inafuata mzunguko wa chumba: mita 17.6, toa mlango 0.90, toa na nyuso mbili za kabati, 1.80 na 0.60, yaani mita 2.40, kama hutaki kuizungusha hapo, zinabaki 14.3. Kwa vipande vya mita 2.40 ni 6 kamili, nunua 7, maana kona zinakatwa mshazari na kila kona inakula kidogo. Pale mlangoni utahitaji na kipande kimoja cha kuunganisha lamineti na vigae vya korido, kama unavyo.

Na zile mbao zitakazobaki kwenye boksi la kumi, usimpe fundi wala usizitengenezee rafu. Zilaze chini ya kitanda, zisisimamishwe ukutani zikapinda. Kiyoyozi kikivuja, au kitanda kikiburutwa kikachimba mfereji, mbao zilizoharibika zinabadilishwa kwa hizo hizo, na baada ya miaka mitatu minne huenda rangi hiyo haipo tena sokoni.